Shajara ya kitambaa cha saikolojia, Manyatta, Kisumu

Jumamosi, 1 Machi 2025

Tumeanza. Vijana 19 na mimi, kwenye ukumbi wa maktaba ndogo ya mtaa. Tunatengeneza kitambaa: mita sita za marekani nyeupe, zitakazosimulia kwa Kiswahili na kwa rangi saikolojia ilitoka wapi, imepitia mikono ya nani, na mtu akiisomea anakwenda kufanya kazi gani. Kikikamilika kikunjwe, kitiwe kwenye gunia, kipakiwe kwenye bodaboda kiende shule yoyote itakayokihitaji. Kila Jumamosi tunasoma kipande kimoja, tunabishana, kisha tunachora.

Vijana hawa wote wamemaliza kidato cha nne mwaka jana na wanasubiri kuchagua kozi KUCCPS, huduma inayowapanga wanafunzi vyuoni. Nimekaa kwenye ofisi za ushauri nasaha za shule kwa miaka kumi na moja, na kila mwaka swali ni lile lile: "Mwalimu, saikolojia ni nini hasa, na ukisomea unaajiriwa wapi?" Jibu langu limekuwa fupi mno kwa miaka yote hiyo. Nataka liwe refu, na liwe la kweli.

Nimewagawia karatasi, kila mmoja aandike mwanasaikolojia hufanya nini. Wanane wameandika kwamba husoma mawazo ya mtu akimwangalia machoni. Watano wameandika hutibu wazimu. Binti mmoja wa Nyalenda ameandika, "Ni yule wa VCT." Hilo nimelisoma mara mbili. Kwa watu wengi wa Kisumu, kaunsela wa kwanza kumwona kwa macho alikuwa ndani ya chumba cha VCT, cha kupima virusi vya UKIMWI, miaka ya mwanzo ya 2000, akiuliza kabla ya kipimo, "Majibu yakitoka hivi utafanya nini? Yakitoka vile?" Taaluma hii ilitufikia ikiwa imebeba msiba. Nimemwomba binti huyo tuihifadhi karatasi yake.

Jumatano, 5 Machi

Usiku wa kupanga. Kwenye daftari mstari wangu unaanzia Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, Wilhelm Wundt alipofungua maabara. Kabla yake maswali ya nafsi yalikuwa mikononi mwa wanafalsafa na watu wa dini. Yeye akataka yapimwe kwa saa. Kisha William James wa Marekani na kitabu chake kikubwa cha 1890. Kisha Freud, Pavlov, Watson, Skinner, Rogers, na wale wa utambuzi, wanaochunguza jinsi mtu anavyowaza.

Nimeutazama mstari huo nikaona kasoro ambayo bado sijui dawa yake. Kuanzia mwanzo hadi mwisho haukanyagi Afrika hata mara moja. Kijana wa Manyatta akisimama mbele yake ataona jambo lililotokea kwa watu wengine, mbali.

Istilahi nazo zimenikesha. "Elimunafsi" ni neno zuri ila vijana hawalitumii, kwa hiyo kichwa kitakuwa "Saikolojia" na "elimunafsi" litakaa chini yake kwa herufi ndogo. Mkondo wa Freud nitauita uchanganuzi nafsi. Wa Watson na Skinner, mkondo wa tabia. Wa Rogers na Maslow, mkondo wa utu. Huu wa mwisho nimeufurahia sana, kwa kuwa neno utu linabeba kwetu mengi kuliko linavyobeba kwao.

Jumamosi, 8 Machi

Wundt kwa kutumia rula. Katika majaribio ya mwanzo ya maabara ile walipima muda unaopita tangu mtu asikie mpira ukigonga ubao hadi abonyeze kitufe. Akiitikia sauti tu, ni kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Akiambiwa abonyeze pale tu anapojitambua kuwa amesikia, ni kama sehemu mbili za kumi. Kujitambua kunachukua muda, na muda huo unapimika.

Sisi hatuna kitufe. Mmoja anaachia rula ya sentimita 30, mwenziwe anaidaka kwa vidole viwili. Ikidakwa kwenye sentimita 20, imeanguka kwa muda wa sehemu mbili za kumi za sekunde. Rula imeanguka pengine mara mia mbili leo. Kijana mmoja anayeendesha bodaboda kila siku aliidaka kwenye 14, akarudia, ikawa 14 tena. Baadaye tukamwuliza nambari ya simu ya dada yake huku rula inaachiwa, ikampita yote. Alikaa chini kimya. Kisha akasema, "Mimi huongea na simu nikiwa barabarani." Sikuongeza neno.

Tumechora mpira, ubao na saa. Kona ya kwanza ya kitambaa imekamilika.

Jumamosi, 15 Machi

Siku ngumu, na kosa ni langu.

Somo lilikuwa Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha utafiti wake wa kumbukumbu mwaka 1885. Alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka, akikariri silabi zisizo na maana, konsonanti, irabu, konsonanti, ili ukumbusho wake usisaidiwe na maana. Alikuwa na silabi kama 2,300. Aligundua kwamba usahaulifu huenda mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo. Ukiuchora, unapata mstari uliopinda, mkunjo wa usahaulifu, na nilitaka vijana wauone kwa matokeo yao wenyewe.

Nilitunga silabi 16 usiku. Kiswahili hakina desturi ya kufungia neno kwa konsonanti, nikadhani basi silabi zozote za namna hiyo zitakuwa tupu kwetu. Kwenye orodha nikaweka "bul", "tol", "kom", "dak", na nyingine. Nikaisoma kwa sauti mara tatu. Baada ya nusu saa nikawaambia waandike walichokumbuka. Vijana wanaozungumza Kijaluo nyumbani waliandika tisa, kumi, kumi na moja. Wale wa kutoka Vihiga na Kakamega waliandika nne, tano. Mmoja wa Mumias aliandika tatu akaficha karatasi yake.

Bul ni ngoma. Tol ni kamba. Kom ni kiti. Dak ni kuishi mahali. Nimeishi Kisumu miaka yote hii, Kijaluo ninakielewa sokoni, na bado nilitunga orodha yangu kana kwamba sokoni hakuna anayezungumza. Mikono yangu ilifuata Kiswahili na Kiingereza tu, masikio yakalala.

Niliwaeleza palepale, kwa sababu yule kijana wa Mumias alikuwa ameanza kuamini kwamba hana kichwa. Nilimwita mbele nikamwonyesha orodha, nikamwambia: kipimo kilikuwa kibovu, wewe huna kasoro. Na kwa hilo nikajua somo la wiki limebadilika. Mtu akikuletea mtihani wa akili, uliza kwanza umetungwa kwa lugha ya nani, na nani alikuwa chumbani wakati unatungwa.

Jumanne, 18 Machi

Nilipeleka kitambaa Kibuye kwa mama fundi apinde ukingo kabla haujaanza kuchanika. Cherehani yake iko chini ya mwavuli, karibu na wauza ndizi. Pembeni, kwenye beseni la bluu la kufulia, alikuwa ameketishwa mjukuu wake, mtoto wa miezi mitano hivi. Leso mbili zimezungushwa kiunoni na moja nyuma ya mgongo, zimeshindiliwa hasa, mtoto amekaa wima kama chupa ndani ya kreti. Kichwa kikiyumba, bibi anakisukuma kwa kidole bila kuacha kukanyaga cherehani.

"Mama, mbona hujamlaza?"

"Mwanangu, akilala atajifunza nini? Huyu namfundisha kukaa."

Namfundisha kukaa. Nimerudi nyumbani nikitafuta mahali nilipowahi kusoma jambo hilo, na saa nne usiku nimelipata. Charles Super alifanya utafiti Kokwet, jamii ya Wakipsigis katika nyanda za juu za magharibi, akauchapisha mwaka 1976. Wazungu walikuwa wamezoea kusema kwamba watoto wachanga wa Kiafrika huwahi kukua kimwili, kana kwamba ni jambo la damu. Super akaangalia wanavyolelewa. Akawakuta mama wakiwafundisha watoto kukaa, kwa kuwachimbia kishimo ardhini au kuwazungushia nguo, na kuwafundisha kutembea. Lugha yao hata ina maneno mahususi ya kufundisha hayo mawili. Watoto hao waliwahi kukaa na kutembea kwa kama mwezi mmoja kuliko wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwahi. Tofauti ilitokana na mafunzo, si damu. Mama alikuwa mwalimu.

Nimeketi na beseni la bluu kichwani mwangu hadi usiku wa manane. Dawa ya ule mstari nimeiona. Afrika imo kwenye historia hii, na sehemu kubwa ya Afrika hiyo imelizunguka ziwa letu.

Jumamosi, 22 Machi

Kabla ya ziwa, mikondo. Sikutaka kuwapa majina sita ya kukariri, kwa hiyo nilianza na mtu mmoja. Tuseme kijana mvuvi wa Dunga, mtumbwi wao ulipinduka usiku wa dhoruba, akaokolewa, na tangu siku hiyo akikaribia maji mikono inamtetemeka. Familia inakula kutokana na ziwa. Mwanasaikolojia atamsaidiaje?

Kwa Freud sikukaa sana. Daktari wa Vienna, 1856 hadi 1939, aliyefundisha kwamba mengi yanayotusukuma yamefichika kwetu wenyewe na kwamba mtu akizungumza bila kuzuiwa yataibuka. Mengi ya nadharia yake hayajahimili vipimo. Lakini kumpa mgonjwa saa nzima, na kumsikiliza, hilo limebaki.

Kwenye mkondo wa tabia ndipo tulipokaa. Ivan Pavlov wa Urusi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, na akiwa kwenye mate ya mbwa ndipo alipoona kwamba mnyama hujifunza kuunganisha ishara na kinachoifuata. John Watson akatangaza mwaka 1913 kwamba saikolojia iache kuchungulia nafsi, ichunguze tabia inayoonekana. Mwaka 1920 yeye na Rosalie Rayner walimfundisha mtoto mchanga kumwogopa panya mweupe kwa kugonga chuma kwa nguvu nyuma yake kila alipomgusa. Ukumbi ulinyamaza. "Na walimtoa hiyo hofu?" aliuliza binti mmoja. Hawakumtoa. Ni mambo kama hayo yaliyofanya leo utafiti usifanywe bila kamati ya maadili kuupitisha, na nimetaka jambo hilo liandikwe kwenye kitambaa kwa rangi nyekundu.

Kisha nikawapa Mary Cover Jones. Mwaka 1924 alimsaidia mtoto aliyeitwa Peter katika maandishi yake, aliyekuwa akiogopa sungura. Mtoto anakula chakula anachokipenda, sungura yuko mbali chumbani. Siku nyingine amesogezwa kidogo. Siku nyingine kidogo tena. Mwishowe mtoto anamshika. Joseph Wolpe, mzaliwa wa Afrika Kusini, akaja kuijenga njia hiyo ya hatua kwa hatua ikawa tiba kamili katika kitabu chake cha 1958. Vijana walianza wenyewe kumpangia mvuvi wetu ngazi: akae kwa mama wa samaki akila, ziwa likionekana kwa mbali. Akae ufukweni mchana. Atie miguu. Akae kwenye mtumbwi uliofungwa. Kijana wa Dunga akasema, "Na mtumbwi uwe wa rafiki yake, si ule ule." Hakuna aliyemfundisha kusema hivyo.

Mkondo wa utambuzi ungemwuliza anawaza nini maji yakimgusa. George Miller aliandika mwaka 1956 juu ya mipaka ya kumbukumbu ya muda mfupi, vitu saba hivi; Ulric Neisser aliupa mkondo huo kitabu na jina mwaka 1967; na Aaron Beck, kwenye miaka hiyo hiyo ya 1960, aliwafundisha wagonjwa wa sonona kulikamata wazo linapopita na kulihoji. Nikawatolea mfano: mvuvi anasema "nikiingia nitakufa". Waliingia wangapi jana? Walirudi wangapi? Tofauti usiku ule ilikuwa nini, hali ya hewa au wewe? Carl Rogers angekaa naye na kumheshimu hadi aanze kujiamini tena. Maslow tumempa mstari mmoja.

Mvua ya kwanza kubwa imenyesha tukifunga. Paa linavuja kwenye kona, na bluu ya Pavlov imechuruzika hadi kwa Rogers. Tumeianika kwenye madawati.

Alhamisi, 27 Machi

Mwalimu mwenzangu wa Kakamega, ambaye namheshimu kama kaka, amekuja jioni tukazozana hadi chai ikapoa. Habari ni ya J. C. Carothers.

Carothers alikuwa daktari aliyeongoza hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia 1938 hadi 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika, ambamo alimfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake juu ya saikolojia ya Mau Mau, watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kama wenye tatizo la akili. Mengi aliyoyajua kuhusu Waafrika aliyajua kwa watu waliokuwa wamefungiwa mbele yake.

"Dada, watoto hawa tunawavutia kwenye taaluma," kaka alisema. "Ukiwaonyesha hayo, utawafukuza."

Nikamwambia kwamba nikiyaficha, watayapata wenyewe chuoni mwaka wa pili, peke yao, na watajiuliza mwalimu alificha nini kingine. Isitoshe, waliomjibu Carothers ni sehemu ya historia hiyo hiyo. Frantz Fanon, daktari wa magonjwa ya akili aliyefanya kazi Blida, Algeria, alimjibu kwa jina mwaka 1961. Na Thomas Adeoye Lambo, daktari wa magonjwa ya akili, alipoanza kazi katika hospitali ya Aro, Abeokuta, Nigeria, mwaka 1954, aliwaweka wagonjwa katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu zao, wakalima na kupika na kuja hospitalini kwa matibabu. Wakati mmoja anaandika kwamba hatuna akili za kutosha, mwingine anathibitisha kwamba jamii zetu zinaweza kuwa tiba.

Hatukukubaliana kabisa. Tumekubaliana kwamba Carothers atachorwa, na kwamba Lambo atachorwa mkubwa zaidi. Kaka mwenyewe ataandika maneno ya Lambo, mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.

Jumamosi, 29 Machi

Siku niliyoingoja. Tumechora ziwa.

Katikati ya kitambaa tumeacha mita nzima, tukachora Ziwa Victoria kwa bluu ile iliyochuruzika, na kuzunguka ziwa tukaweka nukta.

Nukta ya kwanza iko ng'ambo, vijiji vya Buganda karibu na Kampala. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 na mumewe aliyepata kazi huko. Akaanza kutembelea familia 26 zenye watoto wachanga, kila wiki mbili, akikaa sebuleni saa mbili hivi na kutazama: mama akiondoka mtoto anafanya nini, akirudi je. Kitabu chake kilitoka 1967. Jaribio lake maarufu la Baltimore, la kumtazama mtoto mama yake akimwacha katika chumba kigeni na akirudi, ambalo kila mwanafunzi wa saikolojia duniani hulisoma, lilitanguliwa na mikeka ya Buganda. Vijana hawakuamini mara moja. Ilibidi nirudie.

Nukta ya pili, Nyansongo katika nchi ya Wagusii. Robert na Barbara LeVine waliishi huko kuanzia 1955 hadi 1957, katika utafiti mkubwa wa jamii sita ulioongozwa na John na Beatrice Whiting. Nyingine zilikuwa Mexico, Ufilipino, India, Okinawa na Marekani. Watoto wa Nyansongo, waliobeba wadogo zao na kuchunga na kuchota maji, walionekana kuwa wepesi wa kusaidia na kuwajibika kuliko wale wa mji wa Marekani.

Nukta ya tatu ni Oyugis, na hapo ukumbi uliwaka. Carol Ember aliwakuta wavulana wa Kijaluo ambao, kwa kuwa nyumbani hapakuwa na binti wa umri wa kufaa, mama zao waliwapa kazi zilizohesabika za wasichana: kulea mtoto, kupika, kusafisha. Katika utafiti wake wa 1973, wavulana waliofanya kazi hizo za ndani walikuwa na ukali mdogo kuliko wenzao. Wasichana walipiga makofi. Mvulana mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye ndiye aliyemlea mdogo wake tangu akiwa na miezi minne, na hajawahi kumwambia mtu. Sasa amewaambia kumi na wanane.

Kokwet ni nukta ya nne, na beseni la bluu nimelichora mwenyewe.

Ya tano ni Usenge, kule Siaya. Robert Sternberg, Elena Grigorenko, Frederick Okatcha wa Chuo Kikuu cha Kenyatta na wenzao walichapisha mwaka 2001 utafiti wa watoto 85 wa miaka 12 hadi 15. Waliwapima kwa mitihani ya kawaida, kisha wakawapima ujuzi wa dawa za miti shamba: mtoto mwenzako anaumwa hivi, utamtafutia jani gani? Waliojua dawa zaidi walielekea kupata alama za chini kwenye mtihani wa msamiati wa shuleni. Akili ile ile, imetumwa njia mbili na familia mbili.

Na katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo waliwauliza Wajaluo mtu mwenye akili ni nani. Yalitoka maneno manne. Rieko, maarifa na ustadi. Luoro, heshima na kuwajali wengine. Winjo, ambalo sokoni ni kusikia tu, na humo likawa kuelewa la kufanya maisha yakikubana. Paro, kuwaza, na humo kujituma bila kusukumwa. Alama za shule ziliendana na rieko peke yake. Matatu yaliyobaki shule haikuyagusa.

Niliyaandika ubaoni nikakaa chini. Sikuhitaji kufundisha. Kijana wa Mumias aliyeficha karatasi alisema kwamba hata kwao mtoto akisifiwa huambiwa ni msikivu kabla hajaambiwa ana akili. Wengine wakaleta maneno ya nyumbani kwao, Kiluhya cha namna tatu, Kikisii, Kinandi. Ubao ulijaa. Tumeyaandika yote kuzunguka ziwa, kwa herufi ndogo, na mita sita hazikutosha.

Jumamosi, 5 Aprili

Kazi. Nilimwalika dada muuguzi wa magonjwa ya akili, na kaka kaunsela anayefanya kazi na vijana.

Waliyoyanyoosha kwanza ni majina. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kwanza, amesomea udaktari wa binadamu kisha akabobea, na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tabibu amesoma saikolojia hadi shahada za juu, anapima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi, dawa si kazi yake. Mshauri nasaha amefunzwa ushauri. Muuguzi kama dada yetu, na afisa wa kliniki aliyesomea fani hii, ndio wanaokutana na wagonjwa wengi zaidi kaunti zetu hizi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka mtu asajiliwe kabla ya kujiita hivyo kazini. Kaka aliwasihi: kabla hujalipa karo ya kozi yoyote, uliza kama cheti chake kinakubalika kwa usajili. Aliwahi kulipa mwaka mzima mahali ambapo cheti hakikukubalika, na alitusimulia bila kupaka sukari.

Njia nyingine tulizipitia haraka: ofisi za rasilimali watu, elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu, magereza, michezo, na utafiti. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, iko Kisian hapa, na anayejua kuuliza swali bila kumwelekeza mtu jibu ana la kufanya huko.

Kisha kijana mmoja, ambaye kwa wiki tano hajasema, aliuliza: mtu akimwambia kaunsela kwamba alijaribu kujiua, atapelekwa polisi? Dada alisogeza kiti chake akakaa mbele yake. Akamwambia kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kwa miaka mingi kilihesabu jambo hilo kuwa kosa, na kwamba Januari mwaka huu Mahakama Kuu imetamka kifungu hicho kinakiuka Katiba. "Anayekuja kwangu amekuja hospitalini," alisema. "Namkaribisha." Akaandika ubaoni 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu ya Kenya isiyolipiwa. Baada ya kikao walibaki wawili kwenye benchi la nje muda mrefu. Nilikunja kitambaa polepole nisiwapite.

Maneno ya dada tumeyaweka juu ya sehemu ya kazi. "Namkaribisha."

Alhamisi, 10 Aprili

Rangi imekauka. Nilirudia jaribio la Ebbinghaus Jumanne kwa orodha mpya iliyotungwa na vijana wenyewe, kila silabi ikapita kwa watu wa lugha tano kabla ya kuingia. Safari hii wa Kisumu na wa Mumias wamekaribiana, na mkunjo wa usahaulifu umejitokeza vizuri. Tumeuchora juu ya ule wa zamani bila kuufuta.

Shule moja ya Bondo imekiomba kitambaa kwa wiki ya kwanza ya muhula ujao. Kutoka hapo hadi Usenge si mbali.

Leo nimekipeleka Kibuye kuongezewa mita mbili za maneno. Mama fundi alikitandaza juu ya gunia ili apime, na mjukuu wake, ambaye sasa amelizidi beseni, akawekwa juu yake upande wa ziwa. Amekaa mwenyewe, bila leso, mikono yote miwili imeshika ukingo wa Oyugis. Mama alishona akivuta kitambaa taratibu, sentimita kwa sentimita, asije akamwangusha.